Kicheko cha Baada ya Zamu



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tumeona tuzungumze jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limekwisha kuleta mfarakano katika nyumba zaidi ya moja tuzijuazo. Jambo lenyewe ni kicheko. Mtu mwenye kazi nzito hurudi kwake, akashika simu, akatazama vichekesho ili aupumzishe moyo. Je, huo ni upuuzi usiomfailia mtu wa heshima? Au ni haki ya nafsi iliyochoka?

Yuko dada mmoja, jirani yetu, ambaye ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, akaketi ukumbini kabla hata ya kuvua buibui lake, akafungua simu. Alikuwa akitazama paka mnene aliyekuwa akijilazimisha kuingia ndani ya kisanduku kisichotosha hata kichwa chake. Akacheka hata machozi yakamtoka. Mama mkwe wake, aliyekuwa akikaanga mahamri, akamwambia, “Mwanangu, mtu mzima mwenye kazi ya heshima kama yako, ndiyo mambo ya asubuhi haya? Si bora ungemtaja Mola wako?” Dada yule hakujibu. Alizima simu, akaingia chumbani kulala. Kwa siku mbili hawakusemezana ila kwa salamu.

Mama mkwe hakujua yaliyopita usiku ule. Dada yule alikuwa amemfunika mtoto ambaye hakuishi hata siku moja, kisha akakaa na mzazi wake, wameshikana mikono, mpaka adhana ya alfajiri. Alipotusimulia baadaye alisema maneno machache tu: “Sikutaka kuingia kwa wanangu na uso ule.”

Wahenga walituambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo miongoni mwetu wauguzi, wakunga, madaktari, waosha maiti, mahakimu na walimu ambao hubeba ya watu mchana kutwa au usiku kucha. Mzigo huo hauachwi mlangoni pamoja na viatu.

Dini yetu haikuughafilika na jambo hili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kisa cha Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), aliyekutana na Abubakar (r.a.) akilalamika kwamba amekuwa mnafiki. Sababu yake ilikuwa kwamba wakiwa mbele ya Mtume na kukumbushwa Pepo na Moto, huwa kana kwamba wanaviona kwa macho yao. Lakini wakirudi kwa wake zao, watoto wao na shughuli zao, husahau mengi. Abubakar akakiri kwamba naye humpata hayo hayo. Walipolifikisha kwa Mtume (s.a.w.), aliwafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mkono vitandani mwao na njiani mwao, lakini kuna saa ya hili na saa ya lile. Naye akalikariri neno hilo mara tatu.

Na Mtume mwenyewe alitania. Alikuja mtu kumwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa atafanyia nini kitoto cha ngamia, naye akamuuliza kama kuna ngamia yeyote asiyezaliwa na ngamia. Mzaha ule ulichekesha, haukuwa na uongo ndani yake, wala haukumdhalilisha mtu. Ama hao paka, sisi watu wa Pwani hatukuhitaji intaneti ili tuwajue. Na swahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wenzake wote, Abu Huraira (r.a.), anajulikana kwa lakabu ambayo maana yake ni baba wa kipaka.

Tunapenda kuwapa mfano wa zama zetu. Yuko daktari wa macho huko Oregon, Marekani, aitwaye Will Flanary, anayejulikana mitandaoni kwa jina la Dr. Glaucomflecken. Hutunga vichekesho vifupi na kuigiza watu wote peke yake: mara ni daktari wa mifupa, mara ni daktari wa dharura aliyevaa kofia ya baiskeli, mara ni daktari wa macho mwenyewe. Si mtu aliyecheka kwa sababu hajawahi kuonja machungu. Aliugua saratani mara mbili, na mwezi wa Mei 2020 moyo wake ulisimama usingizini. Mkewe, ambaye si daktari, alimkandamiza kifua kwa takriban dakika kumi mpaka wahudumu wa dharura walipofika. Alipopona alirudi kwenye kazi yake na kwenye mzaha wake. Anaowachekesha zaidi ni madaktari wenzake, nao hujiona wenyewe ndani ya vichekesho vile. Mishale yake mikali huielekeza kwa kampuni za bima ya afya, wala si kwa mgonjwa aliyelala kitandani.

Hapo ndipo tunapopata mizani ya kwanza: tunamcheka nani? Katika Sura ya Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kuwadharau watu wengine, na akawataja wanawake mahsusi baada ya wanaume. Kwa hivyo video ya mlemavu aliyeanguka, ya mzee aliyekosea maneno, au ya bibi harusi aliyepakwa vibaya, hata ikichekesha vipi, si ya kutumiana. Nanyi mnaofanya kazi za watu, jueni kwamba siri ya mgonjwa au ya mteja haigeuki kuwa mzaha kwa kufichwa jina lake. Mji wetu ni mdogo.

Mizani ya pili ni ukweli na staha. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi onyo kali kwa anayesema uongo ili awachekeshe watu. Na macho yana haya zake, yawe mbele ya mtu au mbele ya kioo cha simu.

Mizani ya tatu ndiyo inayotushinda wengi, nayo ni mwisho. Mzaha wa barazani ulikuwa na mwisho wake: adhana ilisikika, au kahawa ilikwisha buli, watu wakaondoka. Simu haina adhana hiyo. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kuufanya ukurasa usiishe, kila ukiuteremsha unajiongeza wenyewe. Naye baadaye alijuta hadharani. Linganisheni na mchezo wa maneno uitwao Wordle, ambao mtunzi wake, Josh Wardle, aliutoa kwa umma mwaka 2021. Unapewa neno moja la herufi tano kwa siku na nafasi sita za kulikisia. Ukishalipata au kulikosa, basi, mpaka kesho. Mchezo wa namna hiyo humrudisha mtu kwa watu wake.

Dada jirani yetu alikuwa mkweli katika hili pia. Alikiri kwamba zipo asubuhi alizoingia kitandani saa mbili akafumba macho saa tano, na katikati hapo hakuna alichokipata ila macho kuwasha na bando kumalizika. Kicheko cha dakika kumi kilimpumzisha, lakini saa tatu zile zilimnyang'anya usingizi ambao angeuhitaji zamu ya usiku uliofuata, pale penye roho za watoto wa watu. Mwili una haki juu yetu, na Salman (r.a.) alimkumbusha Abu Dardaa (r.a.) jambo hilo hata katika ibada za usiku. Sembuse paka?

Shauri letu kwa aliyechoka ni kuweka kipimo kabla ya kufungua simu, wala si baada yake: video tano, au mchezo mmoja, au mpaka chai ipoe. Asali kwanza, kisha acheke. Na simu ilale chumba kingine.

Na shauri letu kwa walio nyumbani ni kuuliza kabla ya kulaumu. “Pole na kazi, usiku ulikuwaje?” ni maneno yasiyogharimu kitu. Mume akimkuta mkewe anacheka peke yake, au mke akimkuta mumewe, asidhani kwamba moyo umekufa. Huenda ndiyo kwanza unajaribu kufufuka.

Siku ya tatu, mama mkwe alimuuliza mkewe mwanawe swali hilo, naye akamwambia yote. Alimtilia chai, akamwekea mahamri, akakaa kando yake kimya. Kisha akasema, “Haya, nionyeshe huyo paka wako.” Tuliambiwa kwamba siku hizi ni yeye anayeuliza kwanza, na kwamba baada ya video ya tatu humpokonya simu na kumwambia akalale.

Mwenyezi Mungu awape nguvu wote wanaokesha kwa ajili yetu, awalipe kwa kila mkono waliousika, na azijaze nyumba zetu kicheko cha halali. Amin.

Tukutane juma lijalo, inshallah.