Baada ya Gwaride, Nani Mlezi?

Majeshi yote ya dunia hupenda kuonyesha siku moja, nayo ni siku kuruta anapomaliza kwata. Wazazi hualikwa, tarumbeta hupigwa, viatu hung'arishwa mpaka vikawa vioo, na mpiga picha huwa tayari mapema. Hatuna neno na sherehe hiyo. Aliyetoka jasho ana haki ya kupigiwa makofi. Sisi tunauliza khabari za siku ya pili yake. Siku hiyo haalikwi mtu, wala hapana wa kupiga picha, ilhali aghalabu ndiyo inayoamua kama kijana yule atakuwa askari au atakuwa msiba wa nyumba yao.

Asituambie mtu kwamba mambo hayo ni ya Ulaya, hayatuhusu. Novemba 2018 Serikali ya Uingereza iliondoa sharti la kumtaka raia wa Jumuiya ya Madola awe amekaa kwao miaka 5 kabla ya kupokewa jeshini. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo katika Jumuiya hiyo. Basi mlango uliofunguliwa huko ulifunguliwa mbele ya watoto wetu pia, na mzazi hamruhusu mwanawe kuingia nyumba ya watu kabla ya kuuliza ndani kuna nini.

Mafunzo yao yana ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza kuruta hufunzwa kuamka, kutandika kitanda, kupiga kwata, kushika bunduki na kutii amri. Huko hana nafasi hata ya kujikuna, maana koplo yu juu ya kichwa chake tangu alfajiri mpaka taa zizimwe. Ngazi ya pili ni ya kazi: huyu udereva, yule upishi, mwengine bohari. Hapo ndipo mambo hubadilika kwa usiku mmoja. Kijana anapata Jumaamosi yake, ana mshahara mfukoni, na mji uko karibu. Lakini wenzake aliolia nao wiki zile za mwanzo wametawanywa, kila mmoja na kambi yake. Koplo aliyemjua kwa jina, akamjua na udhaifu wake, amebaki nyuma na makuruta wapya. Ameingia pahala ambapo hapana amjuaye, na kila aliyemtangulia hata kwa mwezi mmoja hujiona mkubwa wake. Huyu ni mgeni kwa mara ya pili, ila mara hii watu humdhania mwenyeji.

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika kambi ya Deepcut, katika jimbo la Surrey, kamba ilifunguliwa kabla kuku hajalijua banda.

Deepcut ilikuwa kambi ya ngazi ya pili ya kikosi cha uchukuzi na ugavi. Vijana walifika hapo wakiwa wamekwisha gwaride lao, wakitaraji kujifunza kazi waliyoahidiwa. Wengi wao walikuta hapana nafasi. Wale wa udereva, kwa mfano, walitakiwa waende skuli ya magari ya Leconfield, mbali huko kaskazini, na skuli ile haikuweza kuwameza wote kwa pamoja. Basi walikaa wakingoja. Jeshi likawa hata na jina rasmi la watu wa namna hiyo: askari wanaosubiri mafunzo ya kazi. Hebu fikirini, wasomaji wetu, kijana wa miaka 17 aliyezoeshwa kwamba kila dakika ina amri yake, kisha akaachwa wiki baada ya wiki hana darasa, hana mwalimu, hana tarehe ya kuondoka. Kazi iliyopatikana kwa wingi ilikuwa kufagia, kubeba na kushika zamu ya lindo usiku. Masajini wa kuwaangalia walikuwa wachache mno kwa umati ule, na hayo hatuyasemi sisi. Wameyasema waliotumwa na Serikali yao wenyewe.

Vijana wanne walikufa kwa risasi katika kambi hiyo: mmoja wa miaka 20 mwezi wa Juni 1995, binti wa miaka 18 Novemba ya mwaka ule ule, mmoja wa miaka 17 Septemba 2001, na mwengine wa miaka 17 Machi 2002. Risasi zote zilitoka katika bunduki za lindo.

Tutakwenda kwa haki. Uchunguzi mpya uliofanywa mbele ya mahakimu wa vifo mwaka 2016, 2018 na 2019 uliamua kwamba watatu katika hao walijiua wenyewe. Kwa yule wa nne, baraza la mwaka 2006 liliacha jambo wazi. Wako jamaa wa marehemu ambao hawakuridhika, na hatuwezi kuwalaumu, kwani uchunguzi wa kwanza wa kifo cha yule binti, uliofanywa mwaka huo huo wa 1995, haukuchukua hata asubuhi moja. Wazee wake walingoja zaidi ya miaka 20 kusikizwa sawasawa. Na waliposikizwa, ilionekana dhahiri kwamba ulezi wa vijana katika kambi ile ulikuwa wa kubahatisha. Mwaka 2018 hakimu aliyechunguza kifo cha kwanza alikuta kwamba kijana yule alikuwa amewahi kupigwa na kutendewa vibaya, na Jeshi likaomba radhi.

Wako watakaotujibu kwamba jeshi si chuo cha watoto, na asiyeweza kuvumilia arudi kwao. Jawabu hilo tumelisikia mara nyingi, khasa kutoka kwa watu ambao hawajavaa kiatu cha askari. Ukali si dhulma. Wiki za kwanza ndizo zenye ukali mwingi kupita zote, na hizo vijana hawa wote wanne walikwisha kuzivuka. Kilichowakuta baadaye kilikuwa uvivu wa wakubwa. Askari mkali hukesha na vijana wake. Asiyekuwepo hawezi kuitwa mkali.

Na hili la kudhani kwamba aliyemaliza kwata amekwisha kukomaa si kosa la Waingereza peke yao. Jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo nalo hutenga mafunzo ya msingi na ya kazi, liliwaondoa masajini wa kwata katika skuli za kazi mwaka 2007. Baada ya kama miaka kumi likaamua kuwarejesha, likitaja nidhamu. Ila hatudhani kwamba kumrejesha mwenye kupiga kelele ndiyo dawa. Sajini mmoja mwenye vijana wachache, anayejua nani hakula na nani hakuandikiwa barua, anafaa kuliko kumi wenye sauti.

Serikali ya Uingereza ilimpa mwanasheria Nicholas Blake kazi ya kuyatazama mambo ya Deepcut, naye akatoa ripoti yake Machi 2006. Hakuona haja ya tume ya hadhara, na hapo sisi tunahitilafiana naye. Lakini alitaka awepo mtu nje ya mlolongo wa amri wa kumsikiliza askari aliyedhulumiwa. Kamishna wa malalamiko alianza kazi mwaka 2008, na mwaka 2016 cheo kikaongezewa nguvu. Ni hatua. Walakini lalamiko lenyewe bado huanzia ndani ya jeshi, na kuruta wa kambi mpya, asiyejua hata mlango wa afisi, ndiye wa mwisho kuthubutu kulipeleka. Skuli zao za kijeshi sasa hukaguliwa na wakaguzi wa elimu wa Serikali, jambo ambalo lingefaa lifanyike tangu zamani. Na bado nchi ile huandikisha watoto wa miaka 16, madhali mzazi ametia saini.

Rai yetu ni hii. Kuruta asipigishwe gwaride la kumaliza mpaka nafasi yake ya mafunzo ya kazi iwe imeandikwa, na tarehe yake. Kama nafasi hapana, abaki na koplo wake aliyemzoea, aendelee kufunzwa hapo hapo. Watasema ni gharama. Ni kweli, walimu hulipwa na vitanda hununuliwa. Na mzazi anayetiwa kalamu mkononi asiulize mshahara tu. Aulize mwanawe atalala wapi usiku wa kwanza baada ya sherehe, na jina la atakayekuwa akimwangalia. Na ikiwa afisa wa kuandikisha hawezi kulitaja jina hilo, kalamu irudishwe mezani.