Njia ya Urithi Kijijini: Nani Atatajwa, Nani Ataachwa?

Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwa mara ya kwanza orodha ya vijiji bora vya utalii duniani. Vilikuwa vijiji 44 kutoka nchi 32, na kimoja ni chetu, Misfat al Abriyeen, juu ya mji wa Al Hamra. Wengi wetu tumeshawapeleka watoto huko siku za Idi. Unapita vichochoro vya mawe, unafuata mfereji wa falaji chini ya mitende na migomba, na alama za rangi zilizopakwa juu ya majabali zinakuonyesha njia ya kupandia mlimani.

Kwa mtazamo wangu, Misfat imefanikiwa kwa mambo matatu. Wenyeji wenyewe ndio waliozitengeneza nyumba za mababu zao wakazifanya za kulaza wageni, kwa hivyo pesa zinabaki kijijini. Maji bado yanakwenda na mashamba bado yanalimwa. Na mgeni anaambiwa mapema avae kwa heshima, kwa kuwa hapo ni majumbani mwa watu.

Sasa tuje Sharqiyah, maana huko ndiko suala linapotugusa sisi tunaoitwa Wazinjibari. Ukitembea mitaa ya kale ya Ibra, au Al Mudhairib yenye sabla zake nyingi, unaona majumba makubwa ya wafanyabiashara, matao, na milango ya kuchongwa ambayo mtu wa Mji Mkongwe haihitaji kuelezwa. Mali iliyojenga mengi ya majumba hayo ilitoka ng'ambo, Unguja, Pemba na bara ya Afrika. Leo baadhi yake yamesimama matupu, na kila mvua kubwa inaondoka na kipande cha ukuta wa udongo.

Mimi naunga mkono vijiji hivi navyo viwe na njia ya urithi, yenye vituo, maelezo na sanaa ya hadharani. Lakini sanaa gani? Tukileta michoro mikubwa ya kupigia picha tu, tutakuwa tumepaka rangi juu ya historia. Sanaa ya hapa ipo tayari: nakshi za milango, maandishi ya dari, khati za Kiarabu. Fundi kijana apewe kazi ya kuchonga mlango mpya pale ulipooza wa zamani. Maelezo ya vituo yaandikwe Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili pia, kwa sababu ni lugha iliyosemwa na watu waliosafiri kati ya nyumba hizi na Afrika, na bado inasemwa na wajukuu zao.

Hapa ndipo penye uzito. Biashara ile ilikuwa ya karafuu na pembe za ndovu, na ilikuwa ya watumwa pia. Unguja utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Oman mwaka 1970, na wapo wazee hai waliokwishazaliwa wakati huo. Njia ya urithi itakayomtaja tajiri mwenye nyumba na kumsahau aliyebeba mawe yake, aliyepika jikoni mwake na aliyenyonyesha watoto wake, itakuwa nusu ya hadithi. Najua wako watakaosema tusifukue makaburi. Lakini Unguja wamethubutu. Pale Mkunazini, tangu mwaka 1998, yako masanamu ya watumwa wamefungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Watu wanafika, wanasimama kimya, wanaondoka. Mji haukuvunjika kwa kuambiwa ukweli. Nasi si lazima tuweke masanamu. Ubao mmoja wenye maneno ya adabu na ya kweli unaweza kutosha.

Kuna na kikwazo cha kawaida kabisa, nacho ni mirathi. Nyumba moja ya udongo inaweza kuwa na warithi arubaini, huyu Muscat, yule Dubai, mwengine London, na wengine Unguja ambao hawajaiona hata siku moja. Hakuna fundi atakayegusa ukuta bila ya idhini yao, na wakati watu wanasubiriana, dari inashuka. Kwa hivyo kazi ya mwanzo haihitaji rangi wala patasi. Inahitaji ukoo ukae, ujuane, na ukubaliane kwa maandishi kama nyumba itauzwa, itawekwa wakfu, au itakodishwa kwa jamaa wa kijijini atakayeitunza.

Serikali imefanya yake katika mambo makubwa. Mifereji mitano ya falaji imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na jumba la makumbusho la Oman Across Ages limefunguliwa Manah mwaka 2023. Lakini hakuna wizara inayojua bibi yako alikuwa akiitwa nani utotoni, alishuka chombo gani, na nyumba ya ukoo ilikuwa na vyumba vingapi. Hayo yako vinywani mwa wazee na ndani ya masanduku ya picha na barua. Kabla hatujaomba ubao wa Kiswahili Al Mudhairib, tuwarekodi wazee wetu, kwa Kiswahili chao, tukaandike na majina ya waliotumikia pamoja na ya waliomiliki. Bila ya hayo, hata tukipewa ubao, hatutakuwa na cha kuandika juu yake.