MGONJWA WA VIDONGE NI MGONJWA, SI MHALIFU

Ndugu wanachama,

Sisi wafanyakazi wa reli tukaao Bofu twataka kusema neno ambalo wengi wetu hulinong'ona kivukoni Likoni, lakini mkutanoni hulinyamazia. Ni habari ya wenzetu walioshikwa na vidonge vya maumivu na unga.

Watu hudhani kila mgonjwa wa namna hii alianza kwa anasa. Sivyo. Mwenzetu mmoja wa genge letu aliumia mgongo kwa kuinua mataruma. Alipewa vidonge vya tramadoli vya siku chache. Vidonge vikaisha, mgongo haukupona, na kazi haikumngoja. Akaenda kujinunulia dukani pasipo cheti cha daktari, ijapokuwa ni dawa ya cheti. Kwanza alimeza viwili, kisha vinne, kisha hakuhesabu tena. Asipomeza alitokwa jasho, akahara, mifupa ikamwuma, usingizi ukamkimbia. Ndiyo hiyo iitwayo arosto. Vidonge vilipoadimika mtu akamwonyesha unga. Nyapara alipomwona anasinzia kazini, barua ya kumfukuza iliandikwa upesi kuliko ile ya kumpeleka hospitali.

Na sisi tulifanya nini? Tulimwita teja, tukacheka. Kosa hilo ni letu, wala hatumtupii mwajiri.

Ndugu, tramadoli na unga ni jamaa moja, maana hushika mahali pamoja katika ubongo. Heroini yenyewe iliuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani tangu 1898 kuwa dawa ya kikohozi. Mwili ukisha kuzoea, kuacha si jambo la kukaza moyo tu.

Lakini matibabu yako. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Hapa Kenya ikaanza Mathari, Nairobi, mwaka 2014, kisha Malindi mwaka 2015, na leo iko Kisauni pia. Mgonjwa wa unga hunywa kipimo chake mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na arosto humwacha hata kesho. Mwenye vidonge peke yake, daktari aweza kumpunguzia kidogo kidogo.

Wako wasemao kwamba huko ni kubadili sumu kwa sumu. Twawajibu: anywaye methadoni kwa kipimo kilichomfaa halewi, hachomi sindano kila saa chache, wala hakimbii huku na huku kutafuta fedha za unga. Mwenye kisukari hatumwambii atupe insulini yake. Tena jihadharini na wale wanaomfungia mtu chumbani mpaka aache. Akitoka mwili umepoteza mazoea, na akirudia kipimo cha zamani pumzi yaweza kukatika. Iko dawa ya kumzindua, jina lake naloksoni, lakini sharti ifike mapema.

Mwenzetu yule sasa anatibiwa. Mwakilishi wetu alimsimamia, barua ikaondolewa, akapewa kazi ya stoo mpaka daktari aseme yu tayari kurudi njiani. Alfajiri hutoka Bofu, huvuka feri, hupita kisiwani mpaka Kisauni, hunywa dawa, ndipo huja kazini. Ameongezeka mwili, na watoto wake wamerudi shule. Lakini akipangiwa zamu ya mapema hulazimika kuchagua dawa au mshahara. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo chake hushushwa na kuanzwa upya, na hapo ndipo wengi huanguka.

Basi twataka chama kidai mambo matatu. Kwanza, aliye katika matibabu apangiwe zamu itakayompa nafasi ya kufika kliniki. Pili, ajitokezaye mwenyewe kuomba msaada asifukuzwe kwa kusema kweli. Tatu, kliniki ziwe karibu nasi na fedha zake zitoke katika bajeti yetu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki zilizoitegemea ziliingia taabuni. Uhai wa mtu usining'inie kwenye kalamu ya mbali.

Hatusemi mlevi aachiwe pointi au treni. Abiria wana haki, na sisi pia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kumfukuza aliyelewa kazini. Lakini kifungu cha 41 chasema lazima asikilizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Na kifungu cha 30 chatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo na mwenye cheti cha daktari. Haki hizo zimo katika sheria. Asiyezijua hutolewa mlangoni kimya kimya.

Wewe unayesoma haya na vidonge vimo mfukoni mwako, usingoje nyapara akuone. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mwendee mwakilishi wako leo, naye akupeleke kwa daktari. Na wewe uliye mzima, ukimwona mwenzako anasinzia, mshike mkono kabla hujamcheka.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu wa Bofu, Likoni.