"MTANDAO UNASUMBUA": NANI HASA ANATUSUMBUA?

Ndugu msomaji, kijana mwenzangu wa kijiweni, hebu tuambiane ukweli. Jana usiku umenunua bando kwa hela ya jasho lako, ukaanza kupakua video. Kiduara kikazunguka weee, mpaka usingizi ukakuchukua. Asubuhi ulipouliza kulikoni, ukapewa jibu lile lile la siku zote: "Mtandao unasumbua." Ukanyamaza, ukanunua bando jingine.

Hapo ndipo tunapoliwa! Neno "mtandao" limegeuzwa gunia la kufichia makosa ya kila mtu. Ndani ya gunia hilo zimo sababu zaidi ya moja, na kila sababu ina mwenyewe. Leo tulifungue, tuzitoe moja moja.

Ya kwanza ni hesabu. Kasi hutangazwa kwa megabiti, lakini video na bando lako hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hata mambo yote yakienda sawa, ni megabaiti 1.25 tu. Filamu ya megabaiti 700 itakula zaidi ya dakika 9. Simu yako haina kosa. Kosa ni la tangazo linalopigia debe ile namba kubwa na kukuficha hesabu.

Ya pili ni mnara. Uwezo wake hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Saa tatu usiku, Manzese au Mbagala, kila mtu yuko kwenye simu. Saa kumi alfajiri mnara ule ule unapumua. Ukiona tofauti kubwa, ujue tiketi zimeuzwa kuliko viti vilivyomo. Daladala ikijaza kupita kiasi, trafiki anaisimamisha. Mnara ukijazwa, nani anamsimamisha mwenye mnara? TCRA ndio waliopewa rungu hilo, na ubora wa huduma wanaupima. Basi na mlalahoi aone kipimo cha mnara wa mtaa wake, tena cha saa tatu usiku!

Ya tatu ni mwenye video na njia ya kumfikia. Makampuni makubwa huweka nakala za video karibu na wateja. Tovuti nyingine zina mitambo yao Ulaya au Marekani, na mzigo wako lazima upite chini ya bahari. Zipo pia zinazobana kasi makusudi ili ulipie. Kama kila kitu kinakimbia isipokuwa tovuti moja, mlaumu mwenye tovuti, usimwonee mtu wa mnara.

Na hiyo njia ya baharini? Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, tukashangilia. Tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchi nzima. Bahari haina chama, hilo sikatai. Lakini nchi kukosa njia ya akiba ya kutosha si kazi ya samaki. Ni uamuzi wa watu waliokalia viti.

Ya nne ndiyo wasiyopenda tuitaje: mkono wa serikali. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, WhatsApp na Twitter zilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima na haikurudi mpaka Novemba. Dar es Salaam iko chini ya amri ya kutotoka nje, mama hajui mwanawe yuko wapi, na simu aliyoshika haiwezi kumtumia hata ujumbe wa WhatsApp. Je, na huo nao ulikuwa "mtandao unasumbua"?

Ukifungiwa mlango unazungukia dirishani. Ndiyo maana vijana wakakimbilia VPN, na Oktoba 2023 TCRA wakatangaza kwamba wanaozitumia wajisajili. Lakini VPN huupeleka mzigo wako kwanza kwenye mtambo mwingine, mara nyingi nje ya nchi, ndipo uje kwako. Safari inarefuka, video inajikokota, bando linaliwa zaidi. Kwa hiyo hata pale wanapofunga sehemu moja tu, gharama inatoka mfukoni mwako. Na kumbuka, kwenye bando hilo umeshawalipa VAT na ushuru wa bidhaa!

Sasa tufanye nini? Kwanza, acha kukubali jibu la gunia. Pakua faili moja saa tatu usiku, kisha hilo hilo saa kumi alfajiri, uandike dakika. Jaribu na tovuti nyingine. Usiku ni mbaya na alfajiri ni nzuri? Ni mnara. Tovuti moja tu? Ni mwenyewe. Huduma moja imekufa kwa wote, na kwa VPN inafufuka? Hapo kuna mkono. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala.

Pili, tudai haya bila woga. Anayeuza bando aandike kasi ya chini anayoihakikisha, na akishindwa arudishe fedha. Mkongo ukikatika, tuambiwe siku hiyo hiyo ni wapi na utatengenezwa lini. Na asiwepo waziri wala kigogo yeyote wa kuzima intaneti ya nchi bila amri ya mahakama iliyo wazi.

Watakuja wapambe kukwambia haya ni mambo ya wataalamu, wewe kalale. Waulize: wakati wa kulipa mbona hawakusema ni ya wataalamu? Zinduka, kijana! Siku nyingine wakikwambia mtandao unasumbua, usinyamaze. Uliza wapi, tangu saa ngapi, na kwa amri ya nani.