Kumripoti Mwenzako si Kumchongea

Nilipokwenda Ushirombo kwa mafunzo ya watumishi wa afya, muuguzi mmoja aliuliza swali ambalo ukumbi mzima ulilipokea kwa kimya. "Daktari, mtaalamu wa usingizi ni mmoja tu, naye amekuja zamu akinuka pombe, na mama anahitaji kupasuliwa usiku huo huo. Nikimripoti, nani atampa mama usingizi?"

Swali hilo halijibiwi kwa kunukuu kanuni. Katika miji ya namna hii, kando ya barabara ya kutoka Kahama kwenda Lusahunga, watumishi ni wachache, hukaa nyumba jirani na hukopeshana unga. Kumtaja mmoja ni kumtaja jirani, pengine shemeji.

Nami niliwahi kunyamaza. Nilipokuwa daktari mtarajali, katika hospitali nisiyoitaja, daktari aliyetufundisha mengi alianza kutetemeka mikono kila asubuhi. Tulimbadilishia zamu, tuliandika maelezo ya wagonjwa kwa niaba yake, na ndugu wa wagonjwa tuliwaambia ana malaria. (Malaria ya watumishi wa afya hubebeshwa mizigo mingi isiyo yake.) Miezi minane baadaye alitapika damu, ini lilikuwa limekwisha kuharibika. Hatukumlinda. Wala sijui ni wagonjwa wangapi walioumia mikononi mwake, kwa kuwa sisi ndio tulioandika mafaili.

Mtaalamu asiyeweza kufanya kazi kwa usalama si lazima awe mlevi. Yaweza kuwa sonona, macho yanayofifia, uchovu wa zamu zilizofuatana, au pethidini inayopungua kabatini bila kulingana na daftari. Anayepepesuka na kuongea ovyo huenda sukari yake imeshuka, na kumwita mlevi ni kumwacha afe. Kwa hiyo ripoti ulichokiona: saa, tendo, dozi, maneno aliyosema. Kumpa mwenzako jina la ugonjwa si kazi yako.

Sasa nirudi kwa muuguzi wetu. Usiku ule jambo la kwanza ni kumpigia mganga mfawidhi, na mwenzetu atolewe chumba cha upasuaji kabla hajagusa dawa. Ubongo uliokosa oksijeni huharibika ndani ya dakika chache, na mtu mwenye usingizi wake mwenyewe hatambui kwamba njia ya hewa ya mgonjwa imeziba. Mama anayeweza kusafiri apewe rufaa, hata kama barabara ni ndefu. Asiyeweza, daktari anaweza kumpasua kwa ganzi ya sehemu, kwa lignokeini. Ni njia ngumu na yenye maumivu, lakini ipo.

Kesho yake ndipo ripoti iandikwe. Madaktari wanasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya 2017. Wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya 2010. Mwaka huo wa 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika kiapo cha Geneva ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe. Nawe mgonjwa, ukimwona mhudumu hajiwezi, una haki ya kuomba mwingine na kumweleza mganga mfawidhi. Usimrekodi kwa simu ili umsambaze.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwetu tunaosimamia. Tangu 2011 Muhimbili inawapa methadoni waraibu wa heroini, maana yake nchi imekubali kwamba uraibu ni ugonjwa. Lakini mtumishi akiripotiwa, wenzake huona barua ya kusimamishwa tu. Hawaoni kitanda cha matibabu wala siku ya kurejea kazini. Kwa hali hiyo nani atakayemtaja rafiki yake mapema, kabla ini halijaharibika?

Tulipokuwa tukitoka ukumbini, muuguzi yule alinisogelea akaniuliza kama jina la anayeripoti hufichwa. Nilimwambia linapaswa kufichwa. Akaniuliza tena kama hufichwa.