AFYA YA WATOTO: Muundi Uliopinda Tangu Kuzaliwa

Katika Kitui na Makueni, kama katika nchi zote za dunia, huzaliwa kwa nadra mtoto ambaye muundi wa mguu wake mmoja umepinda kuelekea mbele na upande wa nje. Mtoto halii kwa maumivu, na wazazi hudhani kwamba mguu utanyoka atakapoanza kutembea. Dhana hiyo ni ya hatari. Mfupa huo ni dhaifu. Huweza kuvunjika kwa jambo dogo, nao ukivunjika hauungi kama mifupa mingine. Mguu hucheza pale kana kwamba pana kiungo cha pili.

Sababu yake si laana wala kosa la mama. Karibu nusu ya watoto hao wana maradhi ya asili yaitwayo neurofibromatosisi, ambayo dalili yake ni mabaka ya rangi ya kahawa katika ngozi. Yakifika sita au zaidi, yafaa daktari ayaone.

Kuukanda mguu huo ili unyoke ni kuukaribisha uvunjike. Ukiwa bado mzima, hufungiwa kifaa cha kuukinga. Ukisha kuvunjika, plasta peke yake haitoshi. Daktari mpasuaji huondoa sehemu mbovu, hutia vipande vya mfupa vilivyotwaliwa katika nyonga ya mtoto mwenyewe, kisha hupitisha chuma chembamba ndani ya muundi, au huuzungushia pete za chuma alizozibuni Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Urusi, katika miaka ya 1950. Wapasuaji wengi hungoja mtoto akue kidogo, ili mfupa wa nyonga utoshe.

Safari huanzia hospitali ya Kitui au ya Wote, na huweza kufika Kijabe, ambako hospitali ya CURE ya mifupa ya watoto ilifunguliwa mwaka 1998. Wazazi na wajue mapema kwamba mfupa ulioungana huweza kuvunjika tena. Pengine, baada ya kupasuliwa mara nyingi bila kufaulu, daktari hushauri mguu ukatwe. Neno hilo ni chungu, lakini mtoto mwenye mguu wa bandia huenda shule na kucheza na wenzake, na yule anayerudishwa kitandani kila mwaka huukosa utoto wake.

Basi mfupa ukisha kuungana, kifaa kisivuliwe kwa furaha. Na kivaliwe kama daktari alivyoagiza, na mtoto arudishwe kutazamwa mpaka atakapokoma kukua.