Filta bandia zinaua injini



Injini ya dizeli ikifa kati ya Bunda na Musoma, lawama humwangukia dereva. Lakini filta bandia ya dizeli peke yake yatosha kuiua: karatasi yake dhaifu hupitisha vumbi na maji, nozeli zinachakaa na kumwaga mafuta ovyo, mwishowe pistoni inaungua. Wapo watakaosema kipuri halisi ni ghali kwa mwenye gari la abiria wa Butiama. Ni kweli, ila kusuka injini upya ni ghali zaidi. Tena bandia huuzwa ndani ya boksi lenye nembo ya halisi, mnunuzi (hata fundi!) atalijuaje? Sheria ya Alama za Bidhaa, inayokataza udanganyifu huo, ipo tangu 1963. Basi Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango (TBS) waingie madukani, wasiishie bandarini.

Msomaji,
Musoma